Jalada Nililolirudisha

Kahawa ikikaa ghalani hupungua uzito. Kila mkulima wa Kamachumu analijua hilo, na mimi nimezaliwa Kamachumu, lakini ilibidi niaibishwe mahakamani ndipo nilikumbuke. Tulikuwa tumekamata magunia ya kahawa ya maganda, tukayapima siku hiyohiyo na kuandika uzito. Kesi ilipofika kusikilizwa, miezi ilikuwa imepita. Wakili wa mshtakiwa akaomba vielelezo vipimwe mbele ya hakimu. Mizani ikaletwa, gunia baada ya gunia likapanda, na kila moja lilikuwa jepesi kuliko tulivyoandika. Wakili akanitazama kwa huruma, kisha akamwambia hakimu kwamba mteja wake anashtakiwa kwa magendo ya kahawa, ila inaelekea magendo yenyewe yanaendelea kituoni. Watu walicheka mpaka hakimu akainamisha uso.

Basi nyie mnaoanza kazi ya kuendesha mashtaka huku kwetu, anzieni hapo. Kielelezo kinachokauka, andika hali yake pamoja na uzito wake. Chukua punje uing'ate mbele ya mashahidi. Meno yakizama, andika kwamba ni mbichi. Ikivunjika, andika kwamba imekauka. Tikisa ganda karibu na sikio; lililokauka sawasawa linasikika. Nusa pia, maana kahawa iliyokaushwa haraka juu ya jiko ina harufu ya moshi, na mwenye haraka mara nyingi ana sababu. Kielelezo kinachooza, piga picha, kiwekee rula kando, kisha uombe amri ya mahakama kiondolewe siku hiyohiyo. Mwenzangu mmoja alifungia sangara wachanga kutoka kisiwa cha Goziba kwenye chumba cha vielelezo siku ya Ijumaa, akaenda zake harusini. Jumatatu hakimu alisikiliza kesi zote barazani, leso puani.

Mimi sheria sikuisomea chuoni. Nilikuwa askari wa kawaida, nikapangiwa kumsaidia Sajini Kaloli kuendesha mashtaka, nikaona nisiposoma nitaumbuka. Sajini alikuwa na vitabu vyake kule nyumbani kwake Miembeni, vimeshonwa upya kwa uzi wa magunia. Aliniazima kimoja kimoja, na nikikirudisha alinihoji mlangoni kabla ya kunipa kingine. Nilichosoma nilikisoma hivyo, jioni baada ya kazi, kwa miaka.

Fundisho lake la kwanza lilikuwa hili: kabla hujasoma jina la mshtakiwa, soma tarehe ya kosa. Halafu jiulize kama siku hiyo jambo hilo lilikuwa kosa. Mwanzoni nilidhani ananitania. Kosa ni kosa. Kuiba mkungu wa ndizi wa jirani kulikuwa kosa kwa babu yangu, na ni kosa leo.

Lakini biashara si mkungu wa ndizi. Nilipoanza kazi, mtu binafsi aliyenunua kahawa kwa wakulima aliitwa mlanguzi, na tulimkamata. Baadaye soko likafunguliwa, na watu walewale wakapata leseni, wakaitwa wafanyabiashara, wakakalishwa viti vya mbele kwenye mikutano. Baadaye tena ikaamriwa kahawa yote ipite kwenye vyama vya ushirika. Walioshika leseni wakarudi kuwa walanguzi, bila kuhama hata nyumba. Siku hizi kuna minada, na wanunuzi binafsi wamerudi kupitia huko. Sisemi serikali ilikosea. Nchi inayotoka kwenye uchumi wa namna moja kwenda mwingine hujaribu njia, huacha, hurudi. Ninachosema ni kwamba kila ilipogeuka kulikuwa na mtu katikati ya njia na gunia kichwani.

Nakumbuka bibi mmoja aliyeletwa kizimbani kwa kuvusha kahawa mpaka wa wilaya bila kibali. Hakimu alipomuuliza kama ni kweli, alijibu kwa utulivu na kwa heshima ya Kihaya, "Waitu mheshimiwa, kahawa ni yangu, kichwa ni changu, barabara ni ya serikali. Sasa hapo nimeiba kipi?" Sajini aliandika maneno hayo kwenye kiganja chake. Tulipotoka alinieleza kwamba yapo makosa ambayo mtu anayajua tangu tumboni mwa mama yake, na yapo anayoyajua kwa sababu yametangazwa. La kwanza unaweza kulishtaki kwa nguvu zako zote. La pili, uliza kwanza kama tangazo lilimfikia.

Kisha kuna butura. Wageni mnaoletwa huku kutoka mbali mtalikuta neno hili wiki ya kwanza. Butura ni kuuza kahawa ingali ua. Mkulima ana shida, mtoto mgonjwa au msiba, na mavuno bado yako mbali. Mnunuzi anakuja, anatazama miti iliyochanua, wanapatana bei. Kahawa ikiiva, ni ya mnunuzi. Bei huwa ya kuumiza, kwa hiyo ni marufuku, na nadhani marufuku hiyo ni halali. Nimeona familia zilizouza maua mwaka hadi mwaka, zikawa vibarua katika kahawa yao wenyewe. Lakini jaribu kupata shahidi. Mama mmoja niliyemwita kutoa ushahidi dhidi ya mnunuzi alisema mbele ya mahakama kwamba hakuuza kitu.

"Sasa mtu huyu alikuwa anachuma nini shambani kwako?" nikamuuliza.

"Nilimpa maua."

"Maua ya kahawa?"

"Ndiyo. Si unayajua yanavyonukia?"

Kesi ikafa hapo. Baadaye nilimkuta sokoni, akaniambia bila aibu yoyote kwamba mnunuzi yule ndiye aliyekuja alipofiwa, na kwamba serikali nayo ikianza kuja kwenye misiba, ataitolea ushahidi. Mkikutana na shahidi wa namna hiyo msimtishie kifungu cha uongo. Ameshapima nani atamsaidia mwakani, na si wewe.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo kwa kweli ndilo lililonifanya niandike.

Huku kwetu ukiingia nyumbani kwa mtu, kabla ya habari yoyote, unapewa amwani, kahawa ya kutafuna. Punje chache tu, lakini ukizitafuna umekubali kuwa mtu wa nyumba ile. Sajini alinionya nisitafune kahawa nyumbani kwa mfanyabiashara yeyote, maana kesho anaweza kuwa mshtakiwa wangu. Nilikuwa kijana, nikalishika sana. Na kwa kuwa sheria zilikuwa zinageuka, sikuweza tena kujua nani ni mfanyabiashara na nani si. Aliyeuza dagaa, aliyekodisha mtumbwi, aliyelima kahawa tu, wote wangeweza kuletwa. Nikaacha kutafuna popote. Nilipopewa kikapu niliweka mkono kifuani, nikashukuru. Watu wakazoea.

Nyumba moja tu niliibakiza, ya Projesti. Tulikaa dawati moja shule ya msingi, na kibanja chao, shamba la urithi la migomba na kahawa linalozunguka nyumba, kinapakana na chetu. Alikuwa mnunuzi wa kahawa mwenye leseni pale Kamachumu, mtu wa mdomo mpana na hesabu za haraka. Kila Jumapili baada ya misa nilipita kwake. Aliniita Jamhuri, kwa sababu hati zetu zote huanza na neno hilo. Nikitokea kwenye migomba alimpigia kelele mke wake, Ma Skola, "Jamhuri imefika, ficha rubisi!" Kisha pombe hiyo ya ndizi ikaletwa. Tangu mke wangu afariki, Jumapili zile ndizo zilizokuwa nyumba yangu.

Amri ilipotoka kwamba kahawa yote ipite kwenye ushirika, nilimweleza Projesti mwenyewe, kifungu kwa kifungu. Alisikiliza. Akasema ameelewa, ila wakulima wake hawajaelewa, wanakuja mlangoni kama zamani, na ushirika haujaleta hata mizani. Nikamwambia hilo si utetezi. Akacheka, akaniuliza kama nimekuja kama Jamhuri au kama mtu. Jumapili chache baadaye alikamatwa kwenye mwalo, pale mitumbwi inapotia nanga ziwani, chini huko Muleba, kahawa imeshapakiwa kwenye mtumbwi wa kwenda visiwani, na kutoka visiwani, sote tunajua, hufika nchi jirani.

Jalada likaja mezani kwangu pamoja na mengine. Nilisoma tarehe ya kosa kwanza, kama nilivyofundishwa. Kisha jina.

Hapa nisikilizeni vizuri, maana kazi yote iko hapa. Maelezo yale yaliingia kwenye vifungu viwili. Kimoja kilikuwa chepesi, kusafirisha kahawa bila kibali: mshtakiwa anakiri, analipa faini, kahawa inataifishwa, anarudi nyumbani. Kingine kilikuwa uhujumu uchumi. Kwa hicho mshtakiwa anasomewa shtaka na kuambiwa asijibu kitu kwa sababu mahakama ile haina mamlaka. Dhamana ni shida. Anakaa mahabusu, analetwa na kurudishwa, na kila akiletwa anaambiwa upelelezi haujakamilika. Vifungu vyote viwili vilikuwa halali. Ukweli uleule ungeweza kuvaa nguo yoyote kati ya hizo mbili. Watu husema sera ya makosa ya biashara inatungwa huko juu. Inatungwa huko, ndiyo, lakini inakamilishwa na mkono wa mtu mmoja anayechagua kifungu asubuhi moja, chai ikiwa kando.

Nikaenda kwa mkuu wangu, nikamwambia mshtakiwa ni rafiki yangu, najitoa.

"Deo, huku nani hamjui nani?" akasema. "Likae kwako."

Nikasema siwezi. Akaniambia tena, taratibu zaidi, kwamba likitoka kwangu litapanda Bukoba, na huko msimu ule walikuwa wanataka kesi za mfano. Alikuwa ananionea huruma, na nilimwelewa vizuri sana. Nililirudisha.

Likapanda. Likavaa nguo ile nzito.

Ma Skola alikuja ofisini kwangu. Hakukaa.

"Ta Deo, wanasema ulikuwa nalo mkononi."

"Nilikuwa nalo."

"Ukalirudisha."

"Ilinibidi. Projesti ni rafiki yangu."

"Kwa hiyo angekuwa adui yako ungelishika."

"Hata la adui ningelirudisha."

Akafunga kanga yake vizuri. "Basi ndipo ulipotuweka," akasema. "Pamoja na adui."

Projesti akakaa mahabusu. Na alipokuwa ndani, mambo yakageuka tena. Wanunuzi binafsi wakaruhusiwa kupitia minada. Malori yakaja Kamachumu mchana kweupe, watu wakauza, na habari hizo alizipata kwa mahabusu wapya. Kisheria hilo halikumsaidia. Kosa hupimwa kwa sheria ya siku lilipotendwa, na kubadilika kwa sheria hakumfutii mtu shtaka peke yake. Mwisho aliingia makubaliano ya kukiri kosa, akalipa alichotakiwa kulipa, na sehemu ya kibanja, ile ya chini yenye miti aliyoipanda baba yake, ikauzwa. Kwa Mhaya hilo si sawa na kuuza ng'ombe. Baba yake amezikwa hatua chache tu kutoka kwenye mpaka mpya.

Nimelifikiria jalada lile kwa njia nyingi, na nitawapa nilichofikia. Kama lingerudi leo, ningejitoa tena. Mwendesha mashtaka anayeshika jalada la rafiki ili amchagulie kifungu chepesi, kesho atalishika la rafiki aliyeua. Dawa haikuwa mimi kubaki nalo. Dawa ilikuwa yule aliyelipokea amtendee mtu asiyemjua kama ambavyo mimi ningependa kumtendea ninayemjua. Wakati sheria za biashara zinahama, chagueni kifungu chepesi kuliko vyote ambacho bado kinasema ukweli, mpaka watu wapate muda wa kuona uzio umehamia wapi. Aliyeonywa akarudia, huyo mpandishie kifungu. Na sheria ikigeuka wakati mtu bado yuko mahabusu, msisubiri wakili wake aombe. Mnayo mamlaka ya kuondoa shtaka. Yatumieni. Hayachakai kwa kutumika.

Hayo niliyaandika kwenye taarifa nikiwa bado kazini. Sijui kama kuna aliyeyasoma.

Kazi ya mashtaka ilipochukuliwa rasmi na mawakili wa serikali, sisi askari tulibaki kuwabebea vielelezo, nami nikaona ni wakati wa kustaafu, kabla ya umri wa lazima. Wanasheria hao ni wazuri, wanajua mambo ambayo mimi niliyapapasa gizani. Nikarudi Kamachumu. Wanangu wako Mwanza na Dar es Salaam, wanapiga simu.

Sikutegemea ukimya ule. Watu wananisalimia vizuri, kwa heshima zote, kisha wanaendelea na safari. Nikifika penye mazungumzo, mazungumzo yanahamia kwenye mvua. Siku ya kupeleka kahawa kwenye chama, foleni ikiwa ndefu, wananiambia, "Pita mbele, mzee," nami napita, napimiwa peke yangu, naondoka peke yangu, nyuma yangu nasikia maongezi yakianza upya. Nikiingia nyumbani kwa mtu, kikapu cha amwani hakiji. Si kwa chuki. Nilikataa miaka mingi sana, na watoto waliokua wakiniona nakataa sasa ndio wenye nyumba. Wanadhani ndivyo nilivyo.

Projesti naye alinisalimia. Aliinua mkono akipita kwenye njia ya mpakani, akaenda. Hivyo kwa msimu mzima. Afadhali angenitukana.

Siku moja nikashindwa, nikavuka mpaka. Nilimkuta anageuza kahawa juu ya kichanja kwa viganja, pole pole, kama zamani. Ma Skola alikuwa kwa binti yao. Nikaanza kumuuliza kwa mpangilio, jambo moja baada ya jingine, ndivyo ninavyojua. Nikamuuliza kama ana kinyongo kwa sababu nililirudisha jalada. Akasema hapana, alijua nitalirudisha. Kama ni kwa sababu ya kifungu kile kizito. Akasema hao waliokichagua hawamjui, na mtu huwezi kumkasirikia asiyekujua. Kama ni kibanja. Hapo alitoa jani lililoangukia kwenye kahawa, akasema kibanja kinauma, lakini si mimi niliyekinunua.

"Sasa ni nini?"

"Siku za wageni kule mahabusu," akasema. "Walikuja watu wengi, Deusdediti. Walikuja hata niliowapunja kwenye mizani. Mmoja alileta ndizi, akanikumbusha nilivyompunja, tukacheka. Wewe hukuja."

Nikamweleza. Aliyejitoa kwenye jalada hapaswi kukutana na mshtakiwa. Wangesema namfundisha la kusema, na hilo lingemharibia yeye kuliko mimi.

"Najua. Nilijua tangu siku ya kwanza. Niliwaambia hata wenzangu mle ndani, yule hatakuja, ana sheria zake." Akaendelea kugeuza kahawa. "Lakini mlango ulipofunguliwa, kila mara, nilitazama."

Sikuwa na kifungu cha hilo. Nimetafuta tangu siku ile na bado sina. Nilimuuliza nifanye nini. Nilimuuliza kweli, kama mtu anayeomba maelekezo.

"Usije tena kuuliza," akasema. "Njoo tu."

Hamtaamini ilivyo vigumu. Miaka yote ile nilikuwa sijaingia mahali bila swali mkononi, na hata kwa Projesti, nikikumbuka, nilikuwa napenda kuuliza yeye akijibu. Jumapili iliyofuata nilitoka misani nikapita njia ya mpakani. Alikuwa kwenye kichanja. Aliniona, akasogea kidogo. Nikasimama upande wa pili, nikaanza kugeuza kahawa. Sikumuuliza bei ya mnada, wala afya, wala habari za binti yake. Wingu lilikuja kutoka ziwani, matone yakaanza, na bila kuambiana tukavuta turubai, yeye pembe zake, mimi zangu, tukaiwekea mawe. Tukajibanza chini ya ukingo wa paa, tukisikiliza mvua.

Ilipokata, alifunua upande wake, nami nikafunua wangu.